Bosi haamini Mungu lakini analipa, ami anaswali lakini amekalia mali ya mayatima: haki inatoka wapi?

Swali limetoka kwa kijana anayefanya kazi Malindi, nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo Maalim. Mimi nafanya kazi kwa Mtaliano huku Malindi, ana nyumba za kukodisha wageni. Huyu mzee anasema wazi kabisa haamini Mungu, lakini miaka minne sijacheleweshewa mshahara hata mara moja, na mwenzetu alipovunjika mguu alimlipa miezi mitatu yuko kitandani. Kwetu Lamu nako, ami yangu, mtu wa safu ya kwanza msikitini, tangu babangu afariki amekalia shamba letu la minazi na nyumba moja, mamangu hajaona shilingi na wadogo zangu wawili bado wako shule. Nikisema naambiwa tumuachie Mungu. Sa nauliza, kama hakuna Mungu huyu Mtaliano utu anautoa wapi? Na kama Mungu yuko mbona ami hamuogopi? Ama mambo ya haki hayana uhusiano na Mungu kabisa?"

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu babako. Nimekusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa barazani hapa Langoni, mtaa wetu wa Lamu, mpaka kahawa ikapoa mkononi, manake hili swali huwa naletewa na wanafunzi wanaotaka kushinda mjadala tu, lako lina shamba ndani yake na lina mama, kwa hiyo sitakujibu kama ninavyojibu darasani.

Kwanza umefunga maswali matatu kwenye fundo moja la leso. Kuna la mtu anajuaje kwamba hili ni haki na lile ni dhuluma. Kuna la hiyo haki yenyewe imesimama juu ya nini. Halafu kuna hili linalokuuma wewe, kitu gani kinamfanya mtu atende haki pale inapomgharimu na hakuna anayemuona. Watu wanabishana mpaka isha inaadhiniwa kwa sababu huyu anajibu la kwanza na yule anajibu la tatu, na kila mmoja anamuona mwenzake mjinga.

Tuanze na kujua. Babangu alikuwa na duka hapa hapa Langoni, duka la kawaida tu, sukari, unga, mafuta ya taa, mizani ya mawe yenye sahani mbili za shaba. Jioni moja anasafisha mizani akakuta chini ya ile sahani ya bidhaa kumeganda donge la sukari guru, limekauka limekuwa gumu kama kokoto. Maana yake kila aliyepimiwa alikuwa anapata pungufu. Akalibandua kwa kisu akaliweka kiganjani akawa analitazama tu, hajui limekaa hapo siku ngapi. Basi akakaa chini akaanza kuwakumbuka walionunua wiki ile mmoja mmoja, akafunga sukari kwenye karatasi za gazeti, zile za pembe, akanituma nizungushe. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Nyumba ya nne ilikuwa ya bibi mmoja mjane, akacheka sana, akasema mwambie babako nshasamehe, rudi nayo. Nikarudi mbio nimefurahi, manake nilishajua ile sukari itaishia mdomoni mwangu. Babangu akanigeuzia mlangoni pale pale: "Kusamehe ni kwake, kulipa ni kwangu." Mimi kwa hasira ya kurudi tena kwenye jua nikamuuliza, kwani Mngu atatuchoma moto kwa sukari hii kidogo? Akanijibu, "Ya Mngu siyui mimi. Sukari naiyua."

Na huyo ni mtu ambaye alfajiri haikumpita. Hakuwa anamkana Mungu, alikuwa anasema tu kwamba kuijua dhuluma ya sukari hakuhitaji kupita mbinguni kwanza, ipo mbele yake kwenye sahani.

Usidhani ni maneno ya muuza duka peke yake. Imam Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa kiislamu aliyefariki 1111, anauleta mfano wa mfalme mwenye nguvu anayemuona mnyonge anakaribia kuangamia, na huyo mfalme haamini dini yoyote, hatarajii thawabu, hatarajii hata ahsante, na bado moyo wake unamvuta amuokoe. Mfano huo walikuwa wanautumia wapinzani wake, na yeye hakuukataa kwamba jambo hilo hutokea, alichobishia ni maana yake. Anasema huyo mfalme anajiweka pale alipo yule mnyonge, anauona ule uchungu kama wake, ndo anatikisika. Huko China nako, karne nyingi kabla ya Ghazali, mwanafalsafa Mencius alisema mtu yeyote akiona mtoto mdogo anataka kutumbukia kisimani atashtuka, si kwa kutafuta sifa wala kwa kujipendekeza kwa wazazi wake, atashtuka tu. Sa huyo Mtaliano wako alipomuona mwenzenu na mguu wa plasta, ndo hivyo hivyo.

Hata wanyama wana chembe yake. Mwaka 2003 Sarah Brosnan na Frans de Waal walichapisha utafiti wa kima wanaoitwa capuchin: unawapa wawili kazi moja, ukiwalipa wote kipande cha tango wanakula wametulia, ukianza kumpa mmoja zabibu yule wa tango anagoma, wengine wanalirusha tango. Watu wanaupenda sana huu mfano wakisema basi haki ni maumbile, kwisha. Mimi huwa nawaambia mtazameni yule mwingine, aliyepewa zabibu. Yeye anakula. Kuona nimedhulumiwa ni rahisi, kima anaweza, kazi iko kwenye kuona nimedhulumu, na ami yako ndo huyo mwenye zabibu.

Haya, swali la pili, haki imesimama juu ya nini, hapa ndo wakubwa waligombana. Kule Ugiriki zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, mwanafalsafa Plato anamuonyesha mwalimu wake Socrates akikutana mlango wa mahakama na bwana mmoja Euthyphro, na angalia ajabu, huyu Euthyphro amekwenda kumshtaki babake mzazi, kwa kuwa kibarua wao aliua mtumwa, mzee akamfunga kamba akamtupa mtaroni mpaka akafa. Jamaa zake wote wanamlaumu, mtoto gani anashtaki babake! Yeye anajiamini kabisa kwamba ndivyo miungu inavyotaka. Socrates akamuuliza: je, jambo jema ni jema kwa sababu miungu inalipenda, au miungu inalipenda kwa sababu ni jema? Ukisema la kwanza, basi miungu ingependa uongo, uongo ungekuwa wema. Ukisema la pili, basi wema ulikuwepo wenyewe kabla hawajaupenda. Euthyphro alizunguka zunguka mwisho akasema ana haraka, akaenda zake.

Sisi waislamu swali hilo tulilipigania kwa karne kadhaa, si la kuazima. Muutazila wa Basra na Baghdad, kundi la maulamaa walioitegemea sana akili, walisema akili peke yake inaweza kujua kwamba dhuluma ni mbaya hata kabla kitabu hakijashuka. Imam Ashari, ambaye mpaka anafika miaka 40 hivi alikuwa mwenzao, akawahama akasema hapana, kitu kinakuwa wajibu au haramu kwa kuwa Mungu ameamuru au amekataza, akili haimpangii Mungu. Maturidi wa Samarkand akakaa katikati, akili inajua baadhi. Sisi Lamu wengi ni Ashari bila hata kujua, tumesomeshwa hivyo chuoni tangu tuko na vibao. Lakini hata kwa msimamo huo usije ukamsingizia Imam kwamba kafiri hawezi kujua kuiba ni kubaya, hakusema hivyo. Alichokuwa anakitetea ni mamlaka ya Mungu juu ya hukumu, thawabu na adhabu. Hayo ni mengine.

Na kuna tukio moja ambalo mimi linanitosha kuliko vitabu vyote hivyo. Kabla ya utume, Mtume akiwa kijana wa miaka 20 hivi, alikuja Makka mfanyabiashara kutoka Zabid huko Yemen, akamuuzia mali mkubwa mmoja wa kikureshi, Al-As bin Wail, huyo akachukua mali na hela hakutoa. Yule mgeni hana ukoo pale, akaenda huku na huku hakuna anayemsikiliza, mwisho akapanda jabali la Abu Qubays watu wamekaa karibu na Kaaba akapiga kelele kwa mashairi aeleze alivyodhulumiwa. Ndo koo kadhaa zikakutana nyumbani kwa Abdullahi bin Judaani wakaapa kwamba hakuna atakayedhulumiwa Makka, mwenyeji wala mgeni, isipokuwa watasimama naye mpaka haki yake irudi. Kiapo hicho kinaitwa Hilful Fudhul, na kijana Muhammad alikuwepo. Baadaye, ameshapewa utume, anasema hakitoi kile kiapo hata kwa ngamia wekundu, yaani mali ya thamani kubwa kwa waarabu, na lau angeitiwa mfano wake katika uislamu angeitika.

Sa fikiri, waliokula kile kiapo ni akina nani? Waabudu masanamu. Siwezi kusema hawakuwa na mungu, miungu ndo walikuwa nayo tele, lakini kitabu hawana, sharia iliyoshuka hawana, na kuhusu kufufuliwa wengi wao walikuwa wanacheka, Qurani yenyewe inawanukuu wakiuliza tukishakuwa mifupa na vumbi ndo tutafufuliwa? Kwa hiyo haki waliyoilinda pale hawakuilinda kwa kuogopa Kiyama. Na Mtume hakusema ilikuwa haki bandia.

Kwa hiyo kwa upande huo nimeshakujibu, ndiyo, haki inaeleweka bila imani, na bosi wako hakuiba utu wake kutoka dini ya mtu. Kuna wanafalsafa waliojenga nyumba nzima juu ya msingi huo. Immanuel Kant, mjerumani wa karne ya 18, alisema mtu usimfanye chombo tu cha kufikia mambo yako, kwa sababu ni mtu, basi. John Rawls wa Marekani, kijana aliyekuwa anafikiria kuwa padri kabla ya vita vya pili vya dunia, akaenda kupigana Pasifiki na huko imani yake ikamtoka, mwaka 1971 akaleta fikra ya pazia: watu wakae watunge sheria za nchi bila mtu kujua yeye atazaliwa tajiri au maskini, mzima au mlemavu. Sisi tunalijua hilo kwa halua, anayekata awe wa mwisho kuchagua kipande, utaona vipande vinavyolingana. Ami yako amekata yeye, amechagua yeye, na sahani amebaki nayo yeye.

Hili la tatu sasa, la kutenda, hapa sina habari nzuri kwa upande wowote. Hapo Malindi unapokaa, karne ya 19 mji ulifufuka kwa mashamba ya mtama na ufuta, na waliolima walikuwa watumwa, na wenye mashamba walikuwa watu wa kuswali, tena wengine wa kutoa sadaka nzuri. Huko Atlantiki wenye watumwa walikuwa watu wa kanisa, na waliopigania biashara ile ipigwe marufuku Uingereza mwaka 1807, akina William Wilberforce, nao walikuwa watu wa kanisa, Biblia ile ile. Pwani yetu hii utumwa ulikuja kufutwa kisheria 1907. Na hapa Lamu, alipokuja Habib Saleh kutoka Ngazija akaanza kuwasomesha watu ambao wakubwa wa mji waliona si wa kusomeshwa, waliokuwa watumwa na watoto wao, wageni, watu wa kazi za mikono, waliompinga hawakuwa makafiri, walikuwa waislamu wenye nasaba na nyumba za mawe. Yeye alichokuwa nacho ni imani, na wao walichokuwa nacho pia ni imani. Msikiti wake wa Riyadha bado uko hapa, nenda siku ya maulidi ukaone nani alishinda.

Upande wa pili nao usiupambe. Kambodia kati ya 1975 na 1979 serikali ya Pol Pot iliyopiga vita dini ilisababisha vifo vya zaidi ya watu milioni moja na nusu. Ukinitajia Denmark, ambako watu wa kwenda kanisani ni wachache na kwenye kipimo cha rushwa cha 2024, ambacho alama nyingi ndo usafi, walipata alama 90 kwa 100 sisi Kenya na misikiti yetu na makanisa yetu tulipata 32, nitakwambia sawa, aibu ni yetu, lakini Denmark imelelewa na kanisa la Kilutheri mamia ya miaka na katiba yao bado inalitambua, huwezi kujua wanakula akiba ya nani. Mtu anayeleta hizi takwimu kama ushahidi wa mwisho, awe shekhe awe mpinga dini, mimi huwa naagiza kahawa nyingine nasubiri amalize.

Sasa nikwambie kinachonitisha mimi hasa. Ni lile neno uliloambiwa. Tumuachie Mungu. Mwanangu hilo neno lina mahali pake, mtu amefiwa, mtu amegonga kila mlango imeshindikana, hapo ni dawa. Lakini huku kwetu limegeuzwa kabati la kufungia kesi. Mke amepigwa, tumuachie Mungu. Ardhi imechukuliwa, tumuachie Mungu. Yaani tunaipeleka hukumu Akhera kwa sababu hapa duniani itatuletea aibu kwenye harusi. Sura ya Al-Maun ina aya saba tu, kila mtoto anaihifadhi, na inaanza kwa kuuliza umemuona anayeikadhibisha dini? Jibu halisemi ni yule asiyeswali, linasema ni yule anayemsukuma yatima, halafu inakuja ole wao wanaoswali, wanaoghafilika na swala zao, wanaojionyesha. Ami yako anaisoma hiyo labda kila siku, ni fupi, inamaliza swala haraka.

Asiyeamini hana hilo kabati. Kwake yeye kama mwenzake mwenye mguu uliovunjika hakulipwa mwezi huu basi hajalipwa, hakuna mahali pengine atakapolipwa, faili haliendi popote. Akiwa mkweli ana sababu ya kuharakisha kuliko sisi. Hilo ndo jambo ambalo nimejifunza kutoka kwao na siogopi kulisema.

Lakini nao wana deni ambalo sijaona anayelilipa. Yule mtumwa aliyelima ufuta Malindi akafa kabla ya 1907, hana kaburi lenye jina, aliyemmiliki akafa mzee kitandani amezungukwa na wajukuu. Haki yake iko wapi? Ukinijibu kwamba tutajenga jamii bora kwa wajukuu wake, nashukuru, ila yeye bado. Hapa mwenye imani tu ndo ana neno la kusema, kwamba ipo siku atasimama na ataulizwa aliyemfanyia. Kant mwenyewe, pamoja na akili zote zile, alifika hapa akasema tukiacha wema na furaha visikutane kabisa akili haiwezi kutulia, lazima tutarajie Mungu na maisha baada ya haya. Hiyo si hoja ya kuthibitisha Mungu yuko, usije ukamwendea bosi wako nayo atakuangusha, kutamani deni lilipwe si ushahidi kwamba mlipaji yupo. Mimi naamini yupo, kwa sababu zangu nyingine. Nakwambia tu kwamba Kiyama kimewekwa kwa ajili ya yule mtumwa, hakikuwekwa kumpa ami muda wa kukusanya nazi.

Ukitaka kuona watu waliokataa kuacha, waangalie wavuvi wetu. Bandari ya Lamu ilipoanza kuchimbwa mikondo na maeneo yao ya kuvua yakaharibika, wangeweza kusema riziki anatoa Mungu, wakaenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu hapo Malindi ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata leseni ya ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu nayo ikafutwa. Katiba ya 2010 waliyoisimamia inaanza kwa kuutambua ukuu wa Mwenyezi Mungu, ukifika kifungu cha 8 inasema hakuna dini ya taifa, cha 10 kinataja utu na haki ya kijamii bila kuuliza unaabudu nini, cha 32 kinamlinda anayeamini na asiyeamini. Mvuvi aliyetoka msikitini na wakili ambaye hakuna aliyemuuliza dini yake waliweza kusoma karatasi moja.

Basi kuhusu ami. Kifungu cha 170 kimempa kadhi mamlaka ya mirathi pale ambapo wote ni waislamu na wamekubali kwenda kwake, na mali iko Lamu, kwa hiyo fungua Lamu. Mamako fungu lake ni thumuni, yaani moja ya nane, halina mjadala, limeandikwa, mengine ni yenu nyinyi watoto kama wazazi wa babako hawakuwa hai alipofariki, na ami mbele ya watoto wa kiume wa ndugu yake hapati kitu. Chukua cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, hati ya nyumba kama ipo, na shamba kama halina hati tafuta wazee wawili waliopakana nalo wanaojua babako alilipataje, wasije wakatangulia na wao. Ami akikataa kuja kwa kadhi bado kuna mahakama nyingine, usirudi nyuma. Kabla ya kwenda mpitie nyumbani kwake umpe shikamoo yake na umwambie wazi unakwenda wapi, asisikie barabarani. Mamako akisema ameshasamehe, sawa, lake amesamehe, la wale wadogo wawili hana ruhusa ya kulisamehe.

Na likizo muombe bosi mapema, mwambie wiki mbili, moja haitoshi, kuna siku ya kupewa tarehe na kuna siku ya kurudi, na boti la Mokowe la asubuhi hujaa.